Mama Ametoka Njano

Kambini, 6 Februari

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na studio ina foleni mpaka barabarani. Mimi sijambo, ukiacha mafua ya vumbi la saruji. Stoo yangu imejaa nondo na misumari, bwawa linazidi kupanda, wakubwa wanazidi kutufokea. Kama unavyoona, nimetii amri ya mama. Simu basi. Kwenye simu tunatukanana, alisema, kwenye karatasi angalau tutaona aibu. Na yeye mwenyewe kwa masikio yale simu ni kazi bure. Mara ya mwisho nilimpigia kelele mpaka mchomeleaji akatoka bwenini kuuliza nani kafa. Dereva wa lori la kampuni huja huko mjini kila wiki moja au mbili, atakuwa anakuachia barua zangu studio na kuchukua zako.

Sasa la maana. Tumeanzisha kundi la wapiga picha hapa kambini: mimi, mchomeleaji, mpishi, na mhandisi mmoja mwenye lenzi ndefu kama bomba la maji. Kila Jumapili tunatoka na kamera zetu, jioni tunabishana mpaka sauti zinakauka. Ile kamera ya marehemu baba imeanza kuchoka, kifungo kinakwama na kioo cha nyuma kina ufa. Nataka mpya. Mhandisi anasema ninunue hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, nyepesi, hazipigi kelele. Mchomeleaji anasema kamera isiyolia haina raha. Wewe unasemaje?

Na ombi moja. Kampuni inatengeneza kalenda ya mwaka ujao, mada ni nyuso za nyumbani, na mshindi anapewa kamera. Nataka picha ya mama. Nitumie moja kila mwezi, ya karatasi na ya kwenye memori kadi, nitachagua iliyo bora. Wewe utabonyeza tu, mimi nitakuelekeza kwa barua. Itakuwa ni kama nimepiga mimi.

Mdogo wako


Studio, 1 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka dizeli. Sisi tupo. Studio haina foleni, ina mimi, kiti kimoja, pazia jeupe na watu wa picha nne za pasipoti ambao wote wanasema wametoka vibaya, eti kosa langu. Shangazi anakusalimia. Amehamia kwetu kwa muda kunisaidia. Kunisaidia nini, utauliza mwenyewe ukitaka kujua.

Unataka ushauri wa kamera kwangu mimi, ambaye ile ya baba uliibeba siku ya tatu ya msiba ukasema utairudisha mwisho wa mwezi. Ni miaka sita sasa, mwezi huo ni mrefu kweli. Mimi nimebaki na hii ndogo, na mkono wangu umeizoea. Lakini kwa kuwa umeuliza, nakujibu: usihangaike na kamera, tafuta lenzi. Chukua ile fupi isiyo na zumu, isiyokuruhusu kumpiga mtu ukiwa mbali. Mtu kama wewe anahitaji kitu cha kumlazimisha asogee karibu.

Picha ya mama hii hapa. Nguo ya bluu kaichagua mwenyewe. Alijipanga robo saa nzima, mara kola, mara mtandio, anasema mpiga picha wetu asije akamwona vibaya. Mpiga picha wetu ni wewe. Mimi ninayefungua studio kila asubuhi mwaka wa kumi na moja huu naitwa yule wa studio. Sijali. Najali, ila nimezoea.

Kuna habari mama amenikataza kukuandikia. Nimetii kwa sababu ni mama. Hajanikataza kukujibu ukiniuliza.

Dada yako


Kambini, 15 Machi

Dada,

Salamu kwa mama, salamu kwa shangazi na ulimi wake. Hapa mvua imetukatia barabara siku nne, tumekula maharage mpaka tumechukiana. Hiyo habari uliyokatazwa najua ni ugomvi wa shangazi na majirani. Ikae huko huko, mimi nina yangu.

Picha nimeipokea. Asante, lakini nikwambie ukweli: mama ametoka njano. Hapana, usinune, hilo ni kosa la kawaida sana kwa kamera ndogo. Kamera haina akili, haijui kipi ni cheupe mpaka uiambie. Ukimpiga mtu chini ya balbu, inachanganyikiwa, kila kitu kinakuwa rangi ya siagi. Fanya hivi: shika karatasi nyeupe mbele ya uso wa mama, ifanye kamera iisome kwanza, kisha upige. Miaka kumi na moja studio na bado hujui kuweka weupe! Baba angecheka.

Kuhusu lenzi, umenichekesha. Ya kusogelea watu! Mimi napenda ile ndefu, unamkamata mtu hana habari, ndipo unapata sura yake ya kweli. Mhandisi ameniazima yake Jumapili. Nimempiga mlinzi wa geti akipiga mwayo, unaona mpaka jino la dhahabu.

Mdogo wako


Studio, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Tupo. Shangazi bado yupo. Amehamishia godoro lake chumbani kwa mama.

Nimefanya ulivyoelekeza. Nimemshikia mama karatasi nyeupe mbele ya uso, kamera ikaisoma, nikapiga. Akauliza karatasi ya nini. Nikamwambia mwanao anataka kujua weupe uko wapi. Akacheka mpaka akakohoa, na kukohoa kwenyewe kukachukua muda. Nguo ya bluu imempwaya, tumeibana kwa pini mgongoni, kwenye picha huioni. Mkono wa kulia nimeuficha chini ya mtandio, huo nao huuoni. Kiti tumekisogeza karibu na kitanda asiwe na safari ndefu.

Barua zako namsomea, sikioni, neno kwa neno. Siruki hata pale unaponisema. Anapenda pale unapomtaja mchomeleaji.

Hujaniuliza.

Dada yako


Kambini, 24 Aprili

Dada,

Haya, heri zote ziwe nanyi huko. Sisi wiki hii tuna furaha, mpishi kanunua kamera ya mkononi iliyotumika na kumbe ina vumbi ndani ya lenzi, kila picha ina doa kwenye kona ya juu. Anasema ni mwezi. Mchomeleaji hayupo, mtoto wake aliumwa, nyumbani kwake wakamwandikia. Ndivyo ilivyo hapa, afisa utumishi hampi mtu ruhusa mpaka aone barua ya nyumbani, yenye sahihi, inayosema nani anaumwa na anaumwa nini. Mimi nasubiri likizo yangu ya Desemba kama kawaida.

Sasa picha. Dada, samahani, lakini hii ni mbaya kuliko ya kwanza. Njano imezidi! Mpaka macho! Macho ya mtu yawe ya njano, hiyo ni kamera au ni ndoo ya rangi? Nimeitazama na mhandisi, tumekubaliana kwamba kihisio cha kamera yako kimekufa, yaani lile jicho lake la ndani halioni rangi tena. Mbali na hilo, mama amekaa hovyo. Bega moja liko chini, mdomo umeachama kama mtu aliyeamshwa. Mwezi huu mpeleke dirishani, mwanga wa asili utatusaidia. Mgeuze uso kidogo kwenye mwanga, ainue kidevu, mpake poda mashavuni, mwambie atabasamu na meno. Kwa picha ya namna hii ningeona aibu kumwonyesha mtu.

Nimebakiza kamera mbili za kuchagua. Moja nyepesi, fokasi yake inafuata jicho la mtu hata akikimbia. Nyingine nzito, betri yake inakaa siku nzima. Moyo uko kwa ile ya jicho.

Mdogo wako


Studio, 20 Mei

Mdogo wangu,

Sisi tupo.

Picha hii hapa. Dirishani, uso kwenye mwanga, kidevu juu, poda, meno. Vyote ulivyoagiza.

Mama ameniomba nikuandikie. Basi nimekuandikia.

Dada yako


Kambini, 3 Juni

Dada yangu kipenzi,

Leo nawasalimu nyote kwa mpigo maana kalamu inakimbia. Tumeshinda!

Picha ya dirishani ndiyo yenyewe. Yale meno, ile shingo iliyonyooka, mama kama malkia. Njano ilikuwa bado ipo, tena nyingi, lakini safari hii sikukulaumu, nikakaa na kompyuta ya mhandisi saa tatu. Nimeivuta njano yote nikaitoa. Nimempa mashavu rangi, macho nimeyafanya meupe, vile vivuli chini ya macho nimevifuta kimoja kimoja. Sasa ametoka vizuri, amependeza, amerudi nyuma miaka kumi. Meneja mwenyewe alisema, huyu mama ana afya kuliko sisi. Ataingia mwezi wa Januari, ukurasa wa kwanza.

Na kamera nimekabidhiwa jana, ile ile ya jicho! Mwili mdogo, unaingia kwenye kiganja, kifungo laini kama siagi. Kioo cha nyuma unakigeuza unavyotaka. Inafuata jicho, dada, mtu akigeuka inamfuata, haimwachi. Kwenye fomu nimeandika picha ni yangu, kwa kuwa mawazo na marekebisho ni yangu. Najua hutajali.

Barua yako ilikuwa fupi. Umekasirika au wino uliisha?

Mdogo wako


Kambini, 19 Juni

Dada,

Sina salamu. Nijibu kwanza.

Jana nilikwenda zahanati ya kambi kutafuta dawa ya mafua. Nilikuwa na bahasha ya picha zako, zile za karatasi, ambazo sijazigusa. Nilitaka kumwonyesha muuguzi jinsi kazi yangu ilivyoibadilisha sura, kabla na baada. Akaitazama ile ya kabla. Akaniuliza huyu ni nani. Nikasema mama yangu, usijali, ni kamera mbovu. Akaniwekea kidole kwenye picha, pale nyuma ya mama, kitandani. Akaniambia: "Wewe si mpiga picha? Kamera ingekuwa mbovu, si hata hili shuka lingekuwa njano?"

Shuka ni jeupe, dada. Jeupe pepepe. Na ukuta ni mweupe, na pazia. Nilizitandaza zote tatu kwenye meza yake. Kilicho njano ni mama peke yake.

Muuguzi anasema ni ini, na kwamba kwa njano hiyo si la jana. Nilikaa na picha hizi miezi mitatu. Nilizikuza mpaka vinyweleo. Usiniambie lolote kuhusu hilo, nimeshajiambia.

Nimekwenda kwa afisa utumishi. Anataka barua ya nyumbani. Nikamwonyesha picha, akasema picha si barua. Nikitoka bila ruhusa kazi sina, na kuna watu ishirini getini wanaisubiri. Niandikie. Mistari miwili inatosha: mama anaumwa sana, aje. Weka sahihi. Mpe dereva huyu huyu, anarudi baada ya siku tano. Nakuomba. Mwambie mama nakuja.

Nimepanda juu ya tangi la maji ambako mtandao unapatikana, nimekupigia mara nne. Inaita tu.

Mdogo wako


Kambini, 27 Juni

Dada,

Dereva amerudi mikono mitupu. Anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma mbele yake umesimama, ukamwambia hakuna jibu. Hakuna jibu ni nini?

Nimepanda tena kwenye tangi. Nimempigia mpaka shangazi, simu yake imezimwa.

Kama ni kamera ya baba, nitairudisha. Kama ni ile fomu, nitakwenda kwa meneja niseme picha ni yako, wachukue kamera yao. Chochote unachotaka. Niandikie hiyo barua.


Studio, 11 Julai

Mdogo wangu,

Shangazi anakusalimia. Majirani wanakusalimia. Studio nimeifunga wiki mbili na leo ndiyo nimefungua.

Mama alifariki tarehe 25 Juni, saa nne asubuhi. Tulimzika kesho yake. Simu ya shangazi tuliizima kwa ajili ya msiba, hilo halikuwa la kukukomoa. Yangu niliiona ikiita, mara nne kama ulivyosema. Niliitia kwenye droo ya pasipoti nikaifunga, na hilo lilikuwa la kukukomoa.

Hesabu mwenyewe tarehe. Barua yako nilipewa tarehe 21. Dereva alikuja peke yake, ile bahasha aliiweka kwenye kiti cha pembeni, kiti kitupu. Nilikiona kile kiti. Mama alikuwa hai, anaongea, anatambua watu. Ulijua, ukaandika barua ukaipandisha lori, mwenyewe ukabaki kulinda misumari. Kwa hiyo usiniambie kwamba ni mimi niliyekunyima. Tumekunyima wawili, mimi na wewe.

Lakini langu nalisema, maana sitaki uje ulisikie kwa mtu.

Mwezi wa pili mama alinikataza kukuandikia kwamba anaumwa. Asimsumbue kitindamimba wake kazini. Nikatii, nikakuachia mlango wazi uulize. Hukuuliza. Mwezi wa tano ikafika ile barua yako ya poda. Namuogesha mama siku hiyo kwa beseni kitandani, hawezi kusimama, nimemaliza, nimemfunika, nikamsomea kama kawaida. Kidevu, meno, amekaa hovyo, ningeona aibu kumwonyesha mtu. Nilipomaliza akasema, "Kumbe nimemharibia picha. Mwambie anisamehe, nitakaa vizuri." Akaniomba poda. Tulimbeba mimi na shangazi mpaka dirishani. Shangazi alichuchumaa nyuma ya kiti amemshika mgongo kwa mikono miwili, ndiyo maana shingo imenyooka. Yale meno uliyoyapenda ni maumivu, ila mimi nilimwambia atabasamu na yeye akajitahidi. Nilipiga mara moja tu. Sikuweza ya pili.

Jioni ile akaniambia sasa nikuite. Alibadilisha mawazo, alitaka kukuona. Nikasema sawa. Nikakaa na kalamu, na sheria ya afisa utumishi wako naijua, uliniandikia mwenyewe. Nikaandika ule mstari uliousoma: mama ameniomba nikuandikie, basi nimekuandikia. Niliupima vizuri. Nilijua hutasogea karibu uone. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa ya picha, ilikuwa ya miaka yote, na niliifurahia. Naandika hivyo hivyo, niliifurahia.

Siku ya tatu akauliza kama barua imekwenda. Nikasema imekwenda. Juni ilipoanza akauliza umejibu nini. Nikamsomea ile ya ushindi, yote, mashavu na macho meupe na kamera inayofuata jicho. Akauliza, na kuja? Nikasema hajataja. Mara mbili akaniambia nikuandikie tena, mara mbili nikasema nimeandika. Ilipofika barua yako ya tarehe 19 ilikuwa imebaki kumwambia tu, "Amejua, anataka kuja." Nilisimama mlangoni mwa chumba chake na barua mkononi. Shangazi akauliza barua ya nani, nikasema ya mteja. Mama naye akauliza, kwa sauti ndogo, kama umejibu ile ya mara ya tatu. Nikasema bado.

Baada ya hapo hakuniuliza tena.

Kamera ya baba kaa nayo. Ya kalenda kaa nayo. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya pili, ni barua ya nyumbani, ina sahihi yangu na sahihi ya shangazi, imeandikwa msiba wa mama mzazi. Mpe afisa utumishi, atakupa siku zako.

Ukija, njoo umejiandaa. Hapa kila mtu anajua uliitwa mara tatu na hukuja. Unaweza kuwaambia hukuitwa, sitakubishia, nitanyamaza tu. Lakini watu wote waliopita kumjulia hali mwezi ule aliwasimulia mama mwenyewe, mmoja mmoja, akiwaomba wasikufikirie vibaya kwa sababu una kazi nyingi.

Dada yako